Bustani ndani ya kioo: biashara inayopita mlangoni mwa Kismayu

Katika madimbwi ya mvua ya nchi ya Juba na Shebeli huishi samaki mdogo kuliko kidole, dume lake limepakwa rangi kama leso mpya. Wataalamu humwita Nothobranchius. Spishi moja ya huko, N. patrizii, ilielezwa na Mwitaliano Decio Vinciguerra mwaka 1927, miaka miwili baada ya Uingereza kuikabidhi Italia nchi ya Juba pamoja na Kismayu. Nyingine, N. fasciatus, ilipewa jina mwaka 1992, serikali ya Siad Barre ikiwa imekwisha kuanguka. Dimbwi likikauka samaki wote hufa, na mayai hubaki ndani ya tope kungoja mvua ya msimu mwingine.

Tabia hiyo ndiyo iliyomgeuza kuwa bidhaa ya posta. Mfugaji wa Ulaya huyafunga mayai ndani ya mboji yenye unyevunyevu, huandika juu ya kifuko jina la spishi, mahali na mwaka ambao wazazi wa mwanzo walivuliwa, kisha hukituma kama barua ya kawaida. Mpokeaji huyamwagia maji mayai hayo wakati wake ukifika, vifaranga wakaogelea. Tangu yai hadi pesa, katika mnyororo huo hakuna mtu wa Juba.

Si lazima tuite wizi. Ninachokiona mimi ni hesabu ya kibiashara ambayo pwani yetu imeisoma vibaya kwa muda mrefu: katika biashara ya tangi la samaki, kazi ya kuvua ndiyo yenye malipo madogo kuliko zote. Pesa hukaa kwa anayezalisha, anayepamba na anayetunza. Mbelgiji Pierre Brichard alipoanza mwaka 1971 kusafirisha samaki wa Ziwa Tanganyika kutoka Bujumbura, alitegemea wapiga mbizi wa ziwani. Leo sehemu kubwa ya samaki hao wanaouzwa Ulaya na Marekani huzaliwa hukohuko, katika matangi ya wafugaji. Pwani ya Kenya nayo, Shimoni na Kilifi, vijana huzama na nyavu ndogo za mkono kukamata samaki wa miamba, ambao hutiwa oksijeni katika mifuko na kupakiwa ndege. Mzamiaji hulipwa kwa samaki mmojammoja. Duka la mwisho, upande wa pili wa dunia, humuuza samaki yuleyule kwa bei ambayo mzamiaji angecheka kuisikia.

Upambaji wa tangi ni ngazi nyingine kabisa. Aliyeufanya uwe sanaa yenye soko ni Takashi Amano wa Niigata, Japani, mpiga picha ambaye kabla ya hapo alikuwa mwendesha baiskeli wa mashindano. Mwaka 1982 alianzisha kampuni yake, Aqua Design Amano, akauza wazo kwamba tangi lifanane na kipande cha msitu au bonde: mawe, gogo, majani, na samaki wachache wanaopita kama ndege. Kuanzia 2001 kampuni hiyo huendesha mashindano ya kimataifa ya upambaji. Kazi kubwa ya mwisho ya Amano, bustani ya mita 40 na lita 160,000 za maji, ilifunguliwa Lisbon mwaka 2015, miezi michache kabla hajafariki. Yeye hakutajirika kwa samaki. Aliuza taa, udongo, mbolea, kioo kisicho na fremu na, zaidi ya yote, jicho lake. Denmark, nchi ya baridi na theluji, ina kampuni ya Tropica iliyoanzishwa mwaka 1970, ambayo huotesha mimea ya maji ya nchi za joto ndani ya mabanda ya kioo na kuiuza kote Ulaya. Kati ya mimea hiyo imo Anubias, ambayo asili yake ni Afrika Magharibi na Kongo.

Sasa tumchukue kijana wa Kismayu aliyeipenda kazi hii kwa kutazama video kwenye simu. Aanzie wapi?

Kioo hakimsumbui. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 36, kipimo ambacho wapambaji wengi huanza nacho, hujengwa kwa kioo cha milimita 6 na silikoni isiyotiwa dawa ya kuvu, na fundi yeyote wa madirisha anaweza kukata vipande vyake. Hubeba maji yasiyofika lita 65. Ukiongeza changarawe, mawe na kioo chenyewe, uzito hukaribia kilo 100, kwa hiyo meza ya plastiki isahaulike.

Maji ndiyo mtihani. Kisima kilichochimbwa katika mwamba wa matumbawe hutoa maji magumu yenye chokaa, na karibu na ufuo huonja chumvi. Mimea mingi laini ya Amano haitastawi humo. Mto Juba humwaga maji yake Goobweyn, karibu na mji, lakini mlangoni bahari huingia na kutoka, na wakati wa mafuriko maji huja na tope jingi. Jibu lililo karibu zaidi wazee wa visiwani wamekuwa nalo siku zote: mvua. Jabia za Wabajuni zilijengwa kuvuna maji hayo kwa ajili ya kunywa, na paa la mabati lenye pipa chini hufanya kazi hiyohiyo. Maji ya mvua yakichanganywa na kidogo ya kisima huzaa maji ya wastani ambayo mimea mingi huyakubali. Asiyekuwa na mvua na achague mimea na samaki wa maji magumu. Vallisneria huvumilia, na samaki wa Tanganyika hawataki maji mengine.

Mawe ya matumbawe yaliyojaa ufuoni ni mazuri kwa macho, lakini huyeyusha chokaa ndani ya tangi. Dondoshea jiwe siki: likitoa povu, liache. Gogo lililookotwa pwani lilowekwe majuma kadhaa na maji yabadilishwe mara kwa mara hadi chumvi itoke. Mkoko mzima usikatwe kwa ajili ya urembo. Misitu ya Burkavo na visiwani ina kazi yake.

Kuhusu mbinu, kijana wa Kismayu asianze na vifaa vya Niigata. Mwaka 1999 Mmarekani Diana Walstad alitoa kitabu kinachofundisha njia ya maskini, nami naiona kuwa njia ya busara kwa miji yetu: udongo wa shambani chini, changarawe juu yake, mimea mingi inayokua haraka tangu siku ya kwanza, mwanga wa dirisha au taa ndogo, samaki wachache. Udongo hulisha mimea, na mimea husafisha maji. Anayetaka zaidi huongeza kabondayoksaidi, na kabla ya kununua mtungi anaweza kuitengeneza kwa sukari na hamira ndani ya chupa, mrija mwembamba ukiingia tangini. Haitoshi kwa tangi kubwa, ila kwa lita 60 tofauti huonekana.

Joto ni faida na hasara kwa pamoja. Mfugaji wa Ulaya hulipia umeme wa kupasha maji, gharama ambayo Kismayu haipo. Lakini maji yakizidi nyuzi 28 hushika oksijeni kidogo, mwani hunenepa, na kamba wadogo wa Amano, walaji mashuhuri wa mwani, huanza kudhoofika. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji huteremsha joto kwa nyuzi mbili tatu.

Kisha umeme. Bei ya umeme wa makampuni binafsi ya Somalia ni miongoni mwa bei za juu kabisa duniani, kwa hiyo hesabu ifanywe kabla ya kununua taa. Taa ya wati 20 ikiwaka saa 8 kwa siku, na pampu ya wati 10 isiyozimwa, hutumia jumla ya yuniti 12 kwa mwezi. Tangi moja nyumbani halitishi. Matangi ishirini ya kuoteshea mimea yatatisha, ndiyo maana shamba la mimea hiyo liwe nje, kwenye mabeseni chini ya makuti, ambako jua halina bili. Taa zenyewe zinunuliwe zenye mwili wa plastiki au alumini, kwa sababu hewa ya chumvi msimu wa kusi haina huruma na chuma.

Kinachowavunja moyo wengi si hayo. Ni haraka. Tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita ili bakteria wanaobadilisha amonia wajae. Samaki wakitiwa siku ya pili, wengi hufa, na mteja humlaumu fundi. Mwenye biashara anayejua hili huwaonyesha wateja mimea pekee mwezi wa kwanza na huleta samaki mwisho.

Soko ni lipi? Mji hautakuwa na wapenzi wa kununua vifaa kila mwezi, tusidanganyane. Walipaji wa kwanza ni hoteli, zahanati, ofisi za kampuni za simu na nyumba za wenye jamaa ughaibuni, na wanacholipia ni kutunziwa: theluthi ya maji ibadilishwe kila wiki, majani yapunguzwe, kioo kipanguswe, malipo yatumwe kwa simu kupitia EVC Plus. Soko la pili ni la mimea na magogo yaliyosafishwa, kwenda Mogadishu, Mombasa na Ghuba. Kuhusu magogo, Kismayu ilijulikana kwa mkaa uliopelekwa Ghuba, ambao Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku usafirishaji wake Februari 2012. Tawi kavu lenye umbo zuri, ambalo wapambaji hununua kwa kilo, lina thamani zaidi kuliko lililochomwa. Lakini nani atathibitisha kwamba limeokotwa na halikukatwa? Bila cheti cha asili na cheti cha afya ya mimea, mzigo huo utakwama bandari ya kwanza.

Wanaotaka kuvua Nothobranchius na kuuza mayai wafuate njia hiyohiyo ya vibali. Wazalishe, wasikombe madimbwi. Jozi chache zikitunzwa vizuri hutaga kila siku.

Na kitu kimoja kisitupwe mtoni. Gugumaji liliingia Afrika kama ua la bwawa, na kufikia miaka ya 1990 lilikuwa limeziba ghuba za Ziwa Victoria na kuwafungia wavuvi mitumbwi. Majani yanayopogolewa tangini yakaushwe juani au wapewe mbuzi.

Fundi wa Kismayu atakayepata hoteli ya kwanza aandike mkataba hata kama mwenye hoteli ni shemeji yake. Ndani yake isemwe nani analipa umeme, nani anaongeza maji wiki ya kiangazi, na samaki wakifa jenereta ilipozimwa usiku, hasara ni ya nani.