Nishati Jadidifu na Swali la Nchi Ndogo: Mfano wa Kigoma

Katika madarasa ya itikadi swali hili limeanza kuulizwa mara kwa mara: je, nchi ndogo isiyo na mali nyingi inaweza kuachana kabisa na mafuta, gesi na makaa ya mawe, ikaendesha maisha yake yote kwa nguvu za maji, jua, upepo na joto la ardhi? Wapo wanaojibu ndiyo kwa haraka. Wapo wanaosema hayo ni mambo ya matajiri. Pande zote mbili zina kasoro moja: zinazungumzia umeme peke yake, kana kwamba umeme na nishati ni kitu kimoja.

Tuutazame Mkoa wa Kigoma kana kwamba ni nchi. Kwa Sensa ya 2022 ulikuwa na watu 2,470,967, idadi inayokaribiana na ya Lesotho au Botswana, na nchi kavu yake ni kubwa kuliko Burundi. Kwa upande wa umeme ulikuwa kweli kisiwa kwa miaka mingi. Gridi ya taifa haikuufikia. Kigoma na Ujiji, Kasulu na Kibondo ziliwashwa kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO. Dizeli hiyo ilinunuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, ikashushwa pwani, ikavuka nchi nzima zaidi ya kilomita 1,200, ndipo ikachomwe kando ya ziwa. Mwananchi alilipa bei ile ile ya nchi nzima. Tofauti ilibebwa na shirika la umma, maana yake na umma wenyewe.

Mwezi Oktoba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kuunganishwa kwa mkoa huo na gridi ya taifa kwa njia inayotokea Nyakanazi, na majenereta yakaanza kuzimwa. Hatua hiyo ni kubwa, lakini tusiipe jina lisilo lake. Gridi ya taifa ina maji, na ina gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay pia. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, limeongeza sana fungu la maji tangu mtambo wa kwanza ulipowashwa mwaka 2024. Hata hivyo, taa ya Mwanga au Gungu ikiwaka leo, haiwezekani kusema ni ya mto au ni ya gesi.

Je, Kigoma ingeweza kujitosheleza kwa mto wake? Malagarasi hupita Uvinza na kuporomoka Igamba kabla ya kuingia ziwani. Mwaka 2008 Tanzania ilitia saini mkataba wa dola milioni 698 na shirika la MCC la Marekani, na mtambo mdogo wa Igamba ulikuwemo. Uchunguzi wa mazingira ukakuta katika maporomoko hayo viumbe wa majini wa aina za pekee, wakiwemo konokono. Mtambo ukaachwa, na fedha nyingine zikaelekezwa kwenye umeme wa jua kwa shule, zahanati, vituo vya afya na masoko ya vijiji vya Kigoma. Watu wengi walicheka kwamba konokono wamezima umeme. Sisi hatuoni cha kuchekesha: mto ule ni wa wavuvi na wakulima kabla haujawa wa mafundi umeme. La kujifunza lilikuja baadaye. Machi 2016 bodi ya MCC ilisimamisha awamu ya pili, dola milioni 472, iliyolenga umeme, kwa sababu za kisiasa zilizoamuliwa Washington. Na betri za paneli za shule huchoka baada ya miaka michache, mfadhili awepo asiwepo. Kwa hiyo jua ni letu, lakini fungu la kununua betri lisipokuwa kwenye bajeti ya halmashauri, paneli hubaki pambo la paa.

Sasa mpango wa Igamba umerudi kwa ukubwa mwingine, megawati 49.5, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ulioidhinishwa mwaka 2020. Umeme huo utasaidia sana, lakini kuutegemea mto mmoja ni hatari. Majirani zetu wa Mpulungu, ncha ya kusini ya ziwa hili hili, wako Zambia, nchi ambayo umeme wake mwingi sana hutoka kwenye maji. Ukame wa 2024 ulipopunguza maji ya Kariba, watu walikaa gizani saa nyingi kila siku. Lesotho nayo ina mtambo wa maji wa 'Muela, megawati 72, na bado hununua umeme Afrika Kusini na Msumbiji. Nchi ndogo inaweza kufikia umeme jadidifu mtupu ikichanganya vyanzo na ikishikana na jirani, kama Tanzania, Rwanda na Burundi zilivyojenga pamoja mtambo wa Rusumo wa megawati 80. Kwa upande wa umeme, basi, jibu letu ni ndiyo.

SUFURIA

Ugumu uko jikoni. Sehemu kubwa ya nishati inayotumika Tanzania ni kuni na mkaa, na kitakwimu kuni huhesabiwa kuwa nishati jadidifu, kwa kuwa mti huota tena. Kwa hesabu hiyo Burundi na Tanzania zimeshazipita nchi nyingi za Ulaya! Mama wa Ujiji anayekohoa moshi akichemsha maharage angeshangaa kusikia kwamba yeye ndiye mstari wa mbele wa mapinduzi ya nishati. Hesabu ya namna hii huficha ukweli. Mti hujirudia pale tu unapokatwa polepole kuliko unavyoota, na vilima vinavyoizunguka hifadhi ya Gombe vilionyesha kwa macho nini hutokea kinyume chake. Kuni hizo hazipiki chakula peke yake. Mawese huchemshwa kwa kuni, na Uvinza maji ya chumvi yalichemshwa kwa kuni kwa karne nyingi. Ni nishati ya uzalishaji, tena ya wazalishaji wadogo kabisa.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Lakini katika kampeni zake mtungi wa gesi umeshika nafasi ya mbele. Gesi ya mtungi ni bidhaa ya mafuta, na huagizwa kutoka nje. Huokoa mapafu na msitu, na hilo si dogo, ila hurudisha kwa mlango wa jikoni utegemezi ule ule tuliouona kwenye dizeli. Jiko la umeme la presha hupika maharage kwa chini ya uniti moja. Mbona basi kaya yenye umeme bado inanunua mkaa? Mkaa hununuliwa kwa kopo, kwa fedha ya siku hiyo. Jiko hulipwa mara moja. Tena bei nafuu ya daraja la D1 iliwekwa kwa mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Anayeanza kupika kwa umeme huuvuka mpaka huo, na ziada hutozwa bei ya juu mara kadhaa. Taratibu zetu wenyewe zinamwadhibu anayetii wito wetu. Kada anayehesabu vijiji vilivyofikiwa na nguzo na asihesabu majiko bado hajapima kitu.

Tuwatazame wavuvi wa dagaa. Kwa miaka mingi walivua usiku wa giza kwa karabai za mafuta ya taa. Wengi sasa wanatumia taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Mafuta ya taa yalikula sehemu ya mapato kila usiku, na taa mpya ilirudisha gharama yake mapema. Pale hesabu inapokaa upande wa mzalishaji, mabadiliko huenda yenyewe.

Kuhusu usafiri tutasema machache. Meli ya Liemba, iliyoanza kuelea mwaka 1915 ikiwa ya mvuke, ilifungwa injini za dizeli katika miaka ya 1970, na boti za Kibirizi huenda Burundi na Kongo kwa mafuta. Reli mpya ya kisasa ni ya umeme. Treni zake zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022. Treni hiyo ikifika Kigoma, mzigo utafika gatini kwa umeme, na kutoka hapo kwenda Kalemie au Bujumbura utaendelea kwa dizeli.