Chakula cha maskini wa Puglia na mkono unaokivuna

MWALIMU akiitaja Italia darasani, aghalabu wanafunzi hutaja Roma na Papa, Venice na mifereji yake, au Florence na wachoraji wake. Waliokulia Malindi na Watamu huongeza tambi na piza, kwa kuwa Waitaliano wamewaona kwa macho yao na hata kuokota maneno mawili matatu ya lugha yao. Ni nadra kumsikia mmoja akilitaja jimbo la Puglia. Ningependa leo tulizuru jimbo hilo, kwani lina funzo kubwa, nalo ni hili: fahari ya mahali huweza kutengenezwa na watu wasiokuwa na kitu, na ni rahisi mno kuisifu fahari hiyo huku tukimsahau anayeitolea jasho.

Katika ramani, Italia ni mfano wa kiatu kirefu, na Puglia ndiyo kisigino chake. Upande mmoja jimbo hilo limepakana na bahari ya Adriatic na upande wa pili bahari ya Ionia, na pwani yake ina urefu unaozidi kilomita 800. Mji wake mkuu ni Bari, bandari ya tangu enzi za kale. Ingawa limezungukwa na maji ya chumvi, maji matamu huko ni haba. Ardhi yake kwa sehemu kubwa ni ya mawe ya chokaa. Mvua ikinyesha, maji huzama chini kabla ya kufanya mto. Kwa karne nyingi wakulima waliishi kwa maji ya mvua waliyoyakinga katika visima vilivyochongwa mwambani. Ilikuwa mwaka wa 1906 ndipo ulipoanza ujenzi wa mfereji mkubwa wa kuyavuta maji ya mto Sele kutoka ng'ambo ya milima ya Apennini, na maji hayo yakafika Bari mwaka wa 1915.

Si kwamba Puglia haina majengo ya wakuu. Juu ya kilima kimoja imesimama ngome ya Castel del Monte, yenye pembe nane na minara minane, iliyojengwa kwa amri ya Kaizari Frederick wa Pili katika karne ya 13. Picha yake imechorwa kwenye sarafu ya Italia ya senti moja ya yuro. Mjini Bari nako kuna kanisa la Mtakatifu Nikolasi, ambaye mifupa yake ilichukuliwa na mabaharia wa mji huo kutoka Myra, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, mwaka wa 1087. Huyo ndiye mtakatifu ambaye kutokana na sifa zake za ukarimu dunia ilimpata Baba Krismasi. Hadi leo Wakatoliki na Waorthodoksi husafiri kutoka mbali kwenda kusali penye kaburi lake.

Lakini mgeni anayefika Puglia hutamani zaidi kuviona vijumba vya Alberobello viitwavyo trulli. Hivi ni vijumba vyeupe vyenye mapaa ya mawe yaliyochongoka juu mfano wa pia, na mapaa hayo yamepangwa jiwe juu ya jiwe pasipo saruji. Waliovijenga ni wakulima wanyonge waliokuwa chini ya makabaila wa Conversano. Inasimuliwa kwamba kabaila aliwakataza kujenga kwa mawe yaliyogandishwa ili asilipe kodi ambayo ufalme wa Napoli ulitoza kwa kila kijiji kipya. Mkaguzi wa mfalme akikaribia, mapaa yaliangushwa, na kijiji kikawa si kijiji tena bali malundo ya mawe. Wakazi hao walijinasua katika utwana huo mwaka wa 1797, mfalme Ferdinand wa Nne alipowapa uhuru. Na tazama jinsi historia inavyogeuka! Ngome ya kaizari na vijumba vya watwana viliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka mmoja, yaani 1996.

Yaliyotukia kwa nyumba yalitukia pia kwa chakula. Tambi mashuhuri za Puglia huitwa orecchiette, maana yake masikio madogo. Hutengenezwa kwa unga wa ngano ngumu na maji, bila yai, kwa kuwa yai lilikuwa la kuuzwa sokoni. Katika vichochoro vya mji wa kale wa Bari, akina mama bado huketi mlangoni na meza zao, wakiukata unga kwa kisu na kuubinya kwa kidole gumba kwa kasi ya kustaajabisha. Tambi hizo hupikwa pamoja na majani machungu ya jamii moja na sukuma wiki yetu, kitunguu saumu, samaki wadogo wa chumvi wanaofanana na dagaa, na mafuta ya zeituni. Asiyeweza kununua jibini alinyunyiza juu yake chembe za mkate mkavu zilizokaangwa kwa mafuta. Chakula kingine ni rojo la fava, aina ya maharagwe mapana, linaloliwa na mboga chungu zilizochumwa porini. Kadhalika kuna mkate wa Altamura, uliokuwa ukiokwa katika tanuri la watu wote, kila familia ikiupiga muhuri wa herufi zake ili usipotee katika mikate ya majirani.

Hakuna hata kimoja katika vyakula hivyo kilichobuniwa kwa ajili ya karamu. Vyote vilizaliwa na uhaba. Hata hivyo, leo huandaliwa katika mikahawa ya fahari, na matajiri huvilipia fedha nyingi, wakiusifu upishi huo kwa jina la upishi wa maskini.

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji, hasa walimu wenzangu, tutue kidogo. Sifa hizo zaweza kutupumbaza tukadhani kwamba umaskini ulikuwa neema. La hasha! Katika nyanda za ngano za Foggia, kaskazini mwa Puglia, vibarua walisimama uwanjani alfajiri wakingoja nyapara awachague kama mtu achaguavyo punda. Mmoja wa watoto wa nyanda hizo alikuwa Giuseppe Di Vittorio, aliyezaliwa Cerignola mwaka wa 1892. Alifiwa na babaye angali mdogo, akaacha shule, akaingia shambani. Alijisomesha mwenyewe, akachaguliwa mbunge mwaka wa 1921, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia akakiongoza chama kikubwa zaidi cha wafanyakazi nchini Italia hadi alipofariki mwaka wa 1957. Di Vittorio alikijua chakula cha maskini kwa njaa yake mwenyewe, na hiyo ndiyo sababu hakukiimbia sifa bali alipigania ujira.

Je, nyanda hizo ziko vipi leo? Nyapara hajaondoka. Waliobadilika ni vibarua. Wengi wanaovuna nyanya za Foggia wakati wa kiangazi ni vijana kutoka Afrika, na wengi wao huishi katika vibanda vya mbao na mabati, wakilipa hata nauli ya kupelekwa shambani. Mwaka wa 2016 Italia ilitunga sheria kali dhidi ya unyapara huo, lakini sheria ni maandishi na shamba ni shamba. Mnamo Agosti 2018, katika muda wa siku tatu tu, ajali mbili za barabarani ziliwaua vibarua 16 wa Kiafrika waliokuwa wakirejea kutoka mashambani wakiwa wamesongamana ndani ya magari madogo. Wenzao waliandamana hadi Foggia wakiwa wamevaa kofia nyekundu, mfano wa zile walizovaa marehemu kujikinga na jua kondeni.

Tangu mwaka wa 2013, ugonjwa wa bakteria iitwayo Xylella umekausha mamilioni ya mizeituni kusini mwa jimbo hilo, mingine ikiwa imeishi kwa karne nyingi. Miti hiyo imeliliwa na watu wa mataifa mengi, na ni haki iliwe. Swali langu ni moja. Ikiwa tunaweza kuulilia mti, na kuliinamia kwa heshima jiwe lililopangwa na mtwana wa karne ya 17, mbona tunashindwa kumwona anayeinama leo shambani, ambaye bila yeye sahani tunayoisifu ingekuwa tupu?

Wahenga walisema, mla ni mla leo, mla jana kala nini? Heshima tunayompa maskini aliyekwisha kufa haimshibishi aliye hai. Kwa hiyo mwalimu anapofundisha juu ya Puglia, au juu ya mahali popote penye majengo na vyakula vya kusifiwa, asiishie kwenye picha. Awaulize wanafunzi wake maswali matatu: nani aliyekitengeneza kitu hiki, alilipwa nini, na anayeifanya kazi hiyo leo anaishi wapi? Mwanafunzi atakayezoea kuuliza hivyo atakuwa ameifahamu Italia kuliko aliyekariri majina ya wachoraji wote wa Florence.