Kuacha pombe Tabora: watu wawili wanatosha kuanza

Msimu wa masoko ya tumbaku, malipo yanapoanza kutoka kwenye vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS) vya Urambo, Kaliua na Sikonge, vilabu vya pombe navyo hujaa. Mkulima aliyekesha akichochea moto wa bani la kukaushia tumbaku anapokea jasho la mwaka mzima, na kabla ya mwezi kwisha mkewe anakopa unga. Hayo yanasemwa sana. Lisilosemwa ni kwamba wengi wa wanywaji hawa, wanawake wakiwemo, wameshajaribu kuacha. Wameapa mbele ya padri, mbele ya shehe, mbele ya mama zao. Wanaacha Jumatatu, Alhamisi wamerudi.

Kinachowarudisha si kiu peke yake. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipofika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, aliandika habari za iwanza, nyumba ambamo wanaume wa kijiji cha Kinyamwezi walikaa pamoja, wakavuta tumbaku, wakanywa pombe. Unywaji wa hapa kwetu tangu zamani ni wa baraza. Anayeacha peke yake anaacha chupa na marafiki siku moja, kisha jioni inamkuta kaketi uani hana wa kuzungumza naye.

Sheria tumezijaribu. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikusudia kubana pombe kali zisiingizwe katika eneo kubwa la Afrika, njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji ikiwemo. Gongo ni haramu tangu miaka ya 1960. Viroba vilipigwa marufuku kuanzia 1 Machi 2017, hatua ninayoiunga mkono hadi leo. Lakini hakuna sheria inayompa mtu pa kukaa saa kumi na mbili jioni. Na katika mkoa wa miombo na mizinga, wanzuki ni asali na maji vilivyoachwa vichachuke. Huwezi kuifungia mipakani.

Pa kukaa hapo palianza kupatikana kwingine. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani, mlevi mmoja, Bill Wilson, alikuwa hotelini, biashara imemharibikia, baa iko hatua chache mbele yake. Alikuwa ameacha pombe miezi michache tu. Akashika simu kumtafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye, akaunganishwa na Dk. Bob Smith, daktari wa upasuaji. Kinywaji cha mwisho cha Smith kinahesabiwa kuwa cha 10 Juni mwaka huo: bia aliyopewa na Wilson mwenyewe ili mikono iache kutetemeka apate kumpasua mgonjwa. Hapo ndipo ilipoanzia AA (Alcoholics Anonymous), vikao vya walevi wanaosaidiana kuacha. Hakuna ada, jina la mtu halitoki nje ya kikao, na sharti la kuingia ni moja, kutaka kuacha. Wawili wakikutana kwa nia hiyo, ni kikundi.

Ila mwili hutangulia. Aliyekunywa kila siku kwa miaka, anayeamka akitetemeka hadi kikombe kinagonga sahani, ambaye bila kuzimua hawezi kufunga kifungo cha shati, asiache ghafla akiwa nyumbani. Ndani ya siku mbili za mwanzo anaweza kuanguka kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kupandwa na homa, kuweweseka na kuona visivyokuwepo, na hali hiyo huua. Wengine watasema karogwa. Apelekwe Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa. Aliye mbali aende Ndala au Sikonge. Daktari aambiwe ukweli wote: anakunywa nini, kiasi gani, mara ya mwisho lini. Kwa siku hizo chache zipo dawa za kumtuliza, pamoja na vitamini B1.

Hapohapo hospitalini ndipo pa kumtafutia mwenzake. Njia hii si ngeni kwetu: dawa za kufubaza VVU zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, vikundi vingi vya watu wanaoishi na VVU vilizaliwa kwenye mabenchi ya kliniki, mgonjwa mmoja akimshika mkono mwingine. Muuguzi anawafahamu waliowahi kulazwa kwa pombe wakapona. Asitoe majina yao. Awaulize kama wako tayari kukutana na mtu.

Pa kukutania pachaguliwe kwa makini. Tabora ni mji wa misikiti mingi na makanisa mengi, na Mwislamu anayekunywa kwa kujificha hataingia ukumbi wa parokia kukiri. Darasa la shule Jumapili mchana linafaa zaidi. Anayedhani mambo haya ni ya Wazungu au ya Wakristo aangalie Zanzibar, ambako tangu 2009 zipo nyumba za upataji nafuu, nyingi kwa ajili ya waraibu wa heroini. Zinaendeshwa na watu waliopitia humohumo, kwa kufuata hatua 12 za kuacha ulevi zilezile za AA.

Na mke asiachwe nje. Wake wa walevi walianzisha vikao vyao wenyewe, Al-Anon, mwaka 1951, kwa kuwa nao walikuwa wameumia. Wanawake wa Ng'ambo na Cheyo tayari wana vikoba vinavyokaa kila wiki. Hisa zikishahesabiwa na sanduku kufungwa, wabaki nusu saa, wenye walevi nyumbani wazungumze.