Nyumba ya Wawili, Deni la Mmoja

Leo twataka kueleza jambo la kodi katika nchi ya Marekani. Watu wawili wana nyumba moja kwa shirika. Mmoja hakulipa kodi yake; wa pili hadaiwi hata senti. Je, Serikali yaweza kuiuza nyumba nzima?

Sheria ya huko yasema kwamba mtu akidaiwa kodi na Serikali Kuu asiilipe, deni hilo hushika mali yake yote, mfano wa rehani. Tena Serikali yaweza kwenda kortini kuomba mali iuzwe. Lakini kilichoshikwa ni fungu la mdeni tu. La mwenziwe halikushikwa. Hapo ndipo penye shida, maana nyumba haikatwi pingili kama muwa, na nusu ya nyumba haipati mnunuzi kwa urahisi.

Shauri la namna hii lilifika mbele ya Korti ya Juu ya Marekani, likaamuliwa mwaka wa 1983. Huitwa shauri la Rodgers. Mjane mmoja alikuwa na nyumba mjini Dallas, aliyoipata pamoja na mumewe. Mume alifariki mwaka wa 1974, akaacha deni la kodi ya kamari lililozidi dola 900,000. Sheria ya Texas ilimpa mjane haki ya kukaa katika nyumba hiyo, naye mwenyewe hakudaiwa kodi ile.

Majaji walikata maneno hivi. Kwanza, korti yaweza kuamuru nyumba nzima iuzwe. Pili, asiyedaiwa sharti alipwe, katika fedha za mauzo, thamani ya haki zake zote, hata ile haki ya kukaa. Tatu, korti hailazimiki kuuza kila mara: na ipime kwanza hasara itakayoipata Serikali ikiuza fungu la mdeni peke yake, na taabu itakayompata mwenziwe akihamishwa, na ukubwa wa fungu la kila mmoja.

Twaona basi kwamba sheria hulinda thamani ya fungu, lakini si lazima ilinde paa. Fedha alipwazo mtu huenda zisimpatie nyumba nyingine kama ile. Kwa hiyo sheria yataka kila mwenye haki aingizwe katika shauri. Naye akiitwa na aende, hati zake mkononi, kwa kuwa asiyekuwapo na lake halipo.