Masundosundo: Kipimo cha HPV Huonesha Nini, Tiba Huondoa Nini

Mkulima wa korosho wa Masasi au Newala anafahamu vyema jinsi utomvu wa ganda la korosho unavyounguza ngozi. Utomvu huo haufai kabisa kupakwa kwenye masundosundo, yaani vinyama vinavyoota sehemu za siri, kwani huacha kidonda na kirusi kikabaki palepale.

Kirusi hicho ni cha papiloma, maarufu kwa kifupi HPV, na huambukizwa kwa kugusana ngozi wakati wa kujamiiana. Aina ya 6 na ya 11 husababisha takribani asilimia 90 ya masundosundo. Aina ya 16 na ya 18 ndizo chanzo cha takribani asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini.

Hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Kipimo cha HPV hutafuta aina zinazoleta saratani. Masundosundo hutambuliwa na mtoa huduma kwa kuyaangalia tu. Mwenye vinyama hivyo asidhani tayari ana saratani. Hata hivyo, mwanamke aliyetibiwa vikaisha bado anahitaji uchunguzi wa mlango wa kizazi afikishapo miaka 30, au 25 iwapo anaishi na VVU. Vituo vingi hutumia siki, na majibu hutolewa papo hapo.

Tiba huondoa vinyama, si kirusi. Hupakwa podofilini, hugandishwa kwa baridi kali, huchomwa au hukatwa. Podofilini huoshwa baada ya saa 1 hadi 4, hivyo mkazi wa uwanda wa Newala, ambako maji yamekuwa ya taabu kwa miaka mingi, atenge maji mapema. Mjamzito hapakwi dawa hiyo.

Vinyama vinaweza kurudi, hasa katika miezi 3 ya mwanzo. Jambo hili limezua ugomvi usio wa lazima katika ndoa: kirusi huweza kukaa mwilini miezi au hata miaka bila dalili, kwa hiyo kuota kwa vinyama si ushahidi kwamba mwenza ametoka nje.

Chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa nchi nzima Aprili 2018, sasa ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bila malipo. Hukinga; haitibu aliyekwisha kuambukizwa.

Mwenye dalili aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ikiwezekana pamoja na mwenza wake, na wote wapime pia VVU na kaswende.