Kitabu Kifaacho kwa Kinanda cha Mdomo

Wengi wanunuao kitabu cha kujifunzia kinanda cha mdomo huvutwa na jalada, kisha hukata tamaa wakidhani hawana kipaji. Mara nyingi kosa ni la kitabu. Kwanza, na kitazamwe iwapo chafundisha kinanda cha matundu 10 ama kile chenye kitufe ubavuni, maana mafundisho yake ni mbalimbali. Pili, kwa kinanda cha matundu 10, itafutwe ngazi ya do, re, mi. Tangu tundu la 4 hadi la 6 mpigaji hupuliza kwanza, kisha huvuta pumzi; katika la 7 mambo hugeuka: huvuta apate ti, ndipo apulize apate do. Kitabu kisichoeleza jambo hilo na kirudishwe rafuni.