Maneno 12 ya siri yasikae ndani ya simu

Siku hizi ndugu aliye ng'ambo anaweza kukutumia msaada kwa Bitcoin, pesa ya intaneti iliyoanza mwaka 2009. Sisi hatumshawishi mtu kuinunua, maana bei yake inapanda na kushuka vibaya sana. Lakini ukishaipata, ujue kuilinda.

Ukifungua pochi yako mwenyewe kwenye simu, programu inakuonyesha maneno 12, zingine 24. Hayo ndiyo ufunguo. Siyo kama namba ya siri ya M-Pesa, ambayo ukiisahau unapigia kampuni, wanakuuliza kitambulisho, basi. Hapa hakuna wa kumpigia. Anayeyajua maneno ndiye mwenye pesa, hata akiwa nchi nyingine na simu yako umeishika mkononi.

Wengi wanayapiga picha, au wanajitumia kwa WhatsApp ili wasisahau. Hapo ndipo hatari. Picha za simu nyingi zinapanda zenyewe kwenye intaneti kuhifadhiwa. Na simu zetu tunaazimana, zinalala kwenye kibanda cha kuchaji, zinafunguliwa na fundi. Tena Februari 2025 kampuni ya usalama ya Kaspersky ilitangaza virusi vilivyopewa jina SparkCat. Vilijificha ndani ya programu za kawaida, hata zile za kwenye maduka ya Google na Apple. Ukiiruhusu programu hiyo kuona picha zako, inazisoma ikitafuta maneno hayohayo.

Kwa hiyo kalamu na karatasi. Andika kwa mpangilio uleule, kila neno na namba yake. Yanatoka kwenye orodha ya maneno 2,048, mara nyingi ya Kiingereza. Ya Kiswahili haimo. Hata kama unajua maana, usitafsiri, nakili herufi kwa herufi. Kama kusoma ni shida, akusaidie mtu wa nyumbani, siyo kijana wa dukani. Na yeyote anayekuandikia kwamba ni "huduma kwa wateja", anaomba maneno yako, huyo ni mwizi tu.

Karatasi nayo ina maadui wake: mvua, mchwa, moto wa jikoni. Ifunge kwenye nailoni mbili, na nakala nyingine ikae kwa ndugu unayemwamini kabisa. Mke au mume ajue ilipo. Kupoteza ni sawa na kuibiwa: mwaka 2013 diski ya kompyuta ya James Howells wa Newport, huko Wales, ilitupwa jalalani ikiwa na ufunguo wa Bitcoin kama 8,000. Januari 2025 mahakama ikaitupa kesi yake ya kutaka kuichimbua.

Kabla hujapokea nyingi, fanya jaribio. Pokea kidogo, futa programu kwenye simu, uiweke upya, kisha ingiza maneno ukisoma kwenye karatasi. Pesa ikionekana tena, uliandika sawasawa.